Aliyelikata Jina Langu

Kengeja, 14 Aprili 2025

Kaka yangu Ridha,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, mama magoti tu yanamsumbua, na anakusalimu sana. Wewe na kazi za Unguja mnaendeleaje? Nakuandikia karatasi kwa kuwa simu hushiki. Nampa Bi Mize, anapanda boti kesho.

Ile nafasi ya ualimu kwenye skuli ya hapa kwetu nimeikosa. Kwenye usaili waliniambia wenyewe kuwa nimeongoza, kisha orodha ikatoka bila jina langu. Kuna mtu amelikata. Bi Rahila, yule anayesaidia watu mambo ya sheria, amenifundisha la kufanya: eleza wewe nani, taja karatasi unayoitaka, peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri urudi nayo. Basi nimeomba nilione faili langu. Nikimjua aliyenifanyia haya nitamuumbua mbele ya Kengeja nzima. Miaka mitatu nimeisomea kazi ile.

Mdogo wako,
Khairat

Unguja, 2 Mei 2025

Mdogo wangu Khairat,

Waalaykum salaam. Mimi mzima, alhamdulillahi. Mpe mama dawa ya kuchua niliyompa Bi Mize.

Hilo la faili liache. Subira yavuta heri. Mwanamke kuzozana na watu wa afisini si heshima, na atakayetaka kukuposa atarudi nyuma. Rafiki yangu Jabir kaniuliza tena habari zako. Mtu wa dini, ana nyumba yake huku. Fikiri.

Kaka yako,
Ridha

Kengeja, 19 Juni 2025

Kaka yangu,

Assalaam alaykum. Mama anaendelea vyema, dawa imemfaa. Huyo Jabir usinitajie tena, nilishakwambia mwaka jana simtaki.

Nimekwenda afisini mara tatu. Karani, Haroub jina lake, kwanza aliniambia barua yangu haionekani, nikamwekea mezani nakala yenye muhuri. Mara ya pili mkubwa wake kasafiri. Juzi akasema faili ni siri. Siri kwa nani, na jina lililo juu yake ni langu? Nikamwambia, "Basi niandikie kuwa umeninyima, utaje sababu na utie saini." Kalamu hakuishika. Amesema nirudi wiki ijayo.

Mama amechoka kuniona nalia. Amekwishazungumza na Mwalim Abdulnasir aje nyumbani na wanafunzi wake watusomee halbadiri, wamshitakie kwa Mungu huyo dhalimu, awe nani awe. Nami nimeridhia. Nataka aumie.

Mdogo wako,
Khairat

Unguja, 22 Juni 2025

Khairat,

Salaam. Barua hii nimemkabidhi nahodha mwenyewe ili iwahi kufika.

Msisome halbadiri. Mwambie mama mwanawe kamkataza. Kisomo kile hakina mchezo, kinampata hata mtu aliyekuwa hakukusudia ubaya, hata aliyedhani anamtakia mwenziwe heri. Nitakutafutia kazi huku mimi mwenyewe. Nakuomba.

Kaka yako,
Ridha

Kengeja, 1 Julai 2025

Kaka Ridha,

Assalaam alaykum. Mama mzima.

Barua yako niliisoma mara mbili, na niliposhika njia ya afisini moyo ulikuwa mzito. Faili nimelipata. Haroub mwenyewe alinitolea nakala, akanihesabia kurasa. Ya mwisho ni mwandiko wako. "Mimi ni kaka yake na walii wake wa ndoa. Naarifu kuwa Khairat anaolewa Unguja, hivyo nafasi ameiacha." Na saini yako chini.

Ulitaka nikose kazi nikubali kwa Jabir. Ulinionea, Ridha, na baba hayupo wa kumshitakia.

Rufaa nimeshaipeleka, na barua yako nimeiambatisha. Mama hajui kitu. Halbadiri ni Alhamisi, tarehe kumi, baada ya alasiri. Ubani kaununua mwenyewe. Ukitaka isisomwe, njoo umwambie kwa mdomo wako ni wewe. Mimi sitamwambia kabla.

Mdogo wako,
Khairat

Kengeja, 13 Julai 2025

Ridha,

Assalaam alaykum.

Jumatano nilikwenda bandarini Mkoani kungoja boti. Hukushuka.

Mwalim Abdulnasir alisoma mpaka mwisho. Mama alikaa nyuma ya pazia akiitikia amina, kwa sauti kuliko wote. Wageni walipoondoka nikamsomea ile barua yako ya kwenye faili, kwa kuwa kusoma hajui. Aliniambia niirudie. Nikairudia, na sikuona huruma.

Tangu siku ile mama hali chakula. Ameniuliza kama kisomo hurejeshwa, nikamwambia sijui. Alfajiri alikwenda mwenyewe kwa Mwalim, na magoti yale, na aliporudi hakunambia alijibiwa nini. Anataka uje akuone kwa macho yake, ajue u mzima. Mimi sikuiti. Nimeandika kwa sababu amenituma.

Khairat