Nyota ya Saa Mbili na Robo

Jumatano, 17 Septemba
Madishi mawili leo, yote Igoma. Mteja wa pili msumbufu, kanipandisha kwenye bati bovu. Jioni nilikuwa juu ya paa letu nakaza nati za dishi la Mama. Saa mbili na robo, nyota mahali pasipo na nyota. Mashariki, pale pale dishi linapotazama. Ikawaka dakika chache bila kusogea, ikazimika.

Miaka tisa naelekeza madishi kwenye kitu nisichowahi kukiona. Nimecheka peke yangu.

Alhamisi, 18 Septemba
Imewaka tena, wakati ule ule. Nimeelewa. Setilaiti inazunguka sawia na dunia, ndiyo maana haihami. Ina paneli pana za sola. Mwezi huu jua linapita juu ya ikweta, na kwa siku chache pembe zinalingana: mwanga unagonga paneli na kutushukia sisi. Bati la jirani hunipiga machoni hivyo hivyo saa kumi jioni. Kisha inaingia kwenye kivuli cha dunia. Basi.

Nimempigia dada Devota, anayekaa Igogo. Nimemweleza yote, hadi dakika. Akauliza itawaka hadi lini. Nikasema Jumatatu hivi. Alifurahi sana.

Jumamosi, 20 Septemba
Devota kaja uani kwetu na kikundi chake cha maombi. Kawaambia ameonyeshwa: saa mbili na robo nyota itawaka mashariki, ishara ya uponyaji. Ikawaka. Watu walilia. Mama alipiga magoti, na miguu yake ile mibovu.

Nikamvuta Devota pembeni. Akasema nisimharibie.

Dada yangu wa damu. Nimenyamaza kama mjinga.

Jumatatu, 22 Septemba
Vidonge vya presha vya Mama havijaguswa tangu Jumamosi. Mama anasema amepona. Kichwa kinamuuma, anaficha. Namchukia Devota. Nimeandika na sifuti.

Jumanne, 23 Septemba
Nimemketisha Mama uani. Nimemweleza setilaiti, paneli, simu niliyompigia Devota. Saa mbili na robo hapakuwaka kitu. Nilidhani atamkasirikia Devota. Akanitazama mimi.

“Kumbe ulijua. Jumamosi ukaniona nimepiga magoti, ukanyamaza.”



Ijumaa, 26 Septemba
Mama anameza dawa. Asubuhi kamwita jirani amsomee maandishi ya kwenye pakiti. Mimi nilikuwa hapo hapo, nimekaa.