Dumu Lako Bado Liko Kwenye Foleni

Kaka yangu,

Huku tu wazima. Ya mama nitakueleza. Kwanza habari za chemchemi yetu. Siku hizi ni bustani ya mji, ina maua, mabenchi na mlinzi. Wamesimika na jiwe la historia, eti chemchemi iligunduliwa na mhandisi wa manispaa. Nilipomsomea mama alicheka. "Iligunduliwa? Kwani sisi tulikuwa tunakunywa nini?"

Ila ya zamani hajayaacha. Tangu uondoke, kila asubuhi hupanga madumu mawili pale kwenye chemchemi, lake mbele na lako nyuma, kukushikia nafasi kama enzi zile za kugombea maji. Mlinzi alimwambia, "Bibi, mbona foleni yenyewe haipo?" Mama akamjibu, "Mwenye dumu akija, itakuwepo." Sasa mlinzi mwenyewe huyafuta vumbi.

Wiki hii mama hainuki kitandani, kwa hiyo madumu napeleka mimi. Leo nilipoyabeba alinishika mkono.

"Langu liache," akasema. "La mwanangu lisogeze mbele."

Nimelisogeza, kaka. Njoo ulichukue.

Mimi mdogo wako, macho yangu yako njiani.