Kisanduku cha Umeme Nilichokiruka

S.L.P. 41,
Ghuba ya Mierezi,
Kisiwa cha Manitoulin, Ontario.
14 Oktoba 2023

Mpendwa dada Delphine,

Natumaini miguu imepungua kuvimba na kwamba pale kazini kwako, jikoni hospitalini, siku hizi wanakupa nafasi ya kukaa. Mama yako, Mama mkubwa wangu, hajambo. Kikohozi kimemwacha, na wiki iliyopita alikausha samaki kwa moshi mpaka kanisani watu wakatugeukia kwa harufu. Mimi mwili ni mzima. Barua hii nimeshaichana mara tatu.

Dada, unajua fomu za kodi za mama yako nazijaza mimi tangu baba yako, Levi, alipoanza kuugua, mwaka wa tisa huu. Unajua pia nilivyokuwa nikijiona. Nilikuwa nikivaa miwani, natandaza karatasi mezani, na mtu akikohoa namtazama.

Kila mwaka nilipofika sehemu ya gharama za makazi nilijiambia nyumba ni ya jamii, Mama mkubwa halipi pango, basi. Napiga mstari ukurasa mzima, naendelea.

Mwezi wa Machi nilipeleka fomu ofisi ya jamii ili zitumwe. Bi Thelma akazipitia, akaniuliza, "Na umeme wake umeuandika wapi?" Nikamjibu kwa kiburi kwamba halipi pango. Hakubishana. Aligeuza ukurasa akaweka kidole chini kabisa, kwenye kisanduku cha sisi wenyeji wa asili tunaoishi kwenye ardhi ya jamii: umeme na kuni za kupasha nyumba joto. Kilikuwa hapo miaka yote.

Nikakijaza. Mama mkubwa sikumwambia.

Julai zikaingia dola mia mbili themanini, ruzuku ya serikali ya umeme. Mama mkubwa akaona ni ujanja wangu. Alinipikia supu ya mahindi, akanishonea viatu vya ngozi na shanga juu, kwa macho yale yanayomsumbua. Kwenye chakula cha wazee akasimama: "Huyu mtoto ana kichwa. Serikali imefukia, yeye kafukua." Watu wakacheka, wakanipigia makofi. Nikaendelea kula. Kisanduku nilikiruka kwa kutojua, lakini ile supu niliinywa nikijua.

Jumapili iliyopita alisema umeme umepanda tena, kwa hiyo atafunga vyumba vya nyuma kama zamani na kulala jikoni karibu na jiko la kuni. Hapo nikashindwa kuficha.

"Mama, ile hela ungeipata kila mwaka. Mimi ndiye niliyeiruka."

Aliendelea kumenya viazi. "Kila mwaka?"

"Miaka minane yote kabla ya huu."

"Na mwaka ule tuliomhamishia Levi jikoni apate joto?"

"Na ule pia."

Akaweka kisu chini. "Ulijua lini?"

"Machi."

"Machi," akasema. "Na viatu ukavivaa."

Nikaitazama miguu yangu, dada. Nilikuwa nimevivaa hata siku ile.

Akasukuma bakuli la viazi kando, akasema, "Mimi usiniombe radhi kwanza. Delphine hakuja Krismasi ile, alifanya kazi ili atutumie hela ya umeme. Baba yake alimuulizia mpaka Januari. Anza na yeye."

Ndiyo maana nakuandikia. Februari iliyofuata tulimzika, na wewe ulifika ukakuta jeneza. Mimi ndiye niliyekufariji pale mlangoni. Naikumbuka mikono yako. Nisamehe, dada yangu, ukiweza.

Bi Thelma anasema fomu za nyuma zinarekebishika. Tumeanza. Nusu ya bili zimepotea, tumeomba nakala kwa kampuni ya umeme. Nilidhani Mama mkubwa atampa mtu mwingine kazi hiyo, lakini jana aliniita, akavuta kiti akakaa ubavuni kwangu. "Soma kwa sauti," akasema. "Kila mstari, hata usioelewa." Nikasoma mpaka koo likakauka. Maji hakunipa, na sikuomba.

Mama mkubwa kasema utakuja Krismasi. Sitakuja kukaa mezani kwenu mpaka useme mwenyewe nije. Ukinyamaza, nitaelewa. Kuni nitaleta asubuhi, nitaziweka kibarazani na kuondoka.

Nisalimie shemeji Everett na binti yako Noreen, mwambie hesabu za shule zisimpe jeuri kama zilivyonipa mimi. Mjomba Isidore na Bi Thelma wanakusalimu. Mama yako hakunituma salamu. Alisema atakupigia ukishaisoma hii.

Muumba akufunike wewe na nyumba yako, mpate joto msimu huu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye ingawa sina uso wa kukutazama,

Rosella