Kwa Kupe Wetu, Aliyepima Damu kwa Damu Yake

Kaka yako amekunja mkono wa shati, msaidizi wako anautafuta mshipa, na mama anamwambia, "Taratibu mwanangu, huo si mpira wa baiskeli." Ndivyo tulivyoutimiza mwaka mmoja tangu ututoke: tumepanga foleni katika maabara yako, tunatoa damu.

Tulikuita Kupe, nawe ukaitika. Ukiingia tu nyumbani, watu walificha mikono. "Kupe huyo!" Ulicheka, ukatoa sindano mkobani kabla hujavua viatu. Kazi yako ilikuwa zile chembe ndogo zinazoziba jeraha mtu akijikata: kwa nini za wengine hazishikani? Wagonjwa walikupenda. Ulipasha viganja kwa pumzi kabla ya kuwagusa.

Kupima kunahitaji damu ya kulinganishia, ya mtu asiye na ugonjwa huo. Wewe ulitumia yako. Ilikuwa karibu, na haikuchelewa kazini. Tangu utotoni miguu yako ilikuwa na mabaka ya bluu, tukasema ni haraka zako za kugonga meza. Hakuna aliyeuliza zaidi, wala wewe.

Dada yako mkubwa alipokuletea bintiye, mjamzito, anayetokwa damu puani hovyo, ulimpima kwa upole wako wote. "Mwanangu, damu yako na yangu ni shilingi kwa ya pili. Huna ugonjwa. Kajifungue salama." Alimwamini mama yake mdogo. Alijifungua mtoto wa kiume, kisha damu ikatoka, haikusimama. Hospitali haikuwa imejiandaa, maana wewe ulisema ni mzima.

Baada ya mazishi uliiweka damu yako kando ya ile ya mlinzi wa getini. Chembe za mlinzi zilishikana. Zako zilielea tu, kama uji uliokataa kushika. Ndipo ulipojua kwamba miaka yote uliwapima wagonjwa kwa mgonjwa, na waliofanana nawe uliwarudisha nyumbani ukiwaita wazima.

Ulikwenda mwenyewe kumwambia dada yako. Alikusikiliza ukiwa umesimama mlangoni, akauliza, "Umekuja kunipima na mimi?" Akafunga mlango. Kazini wenzako walisema Kupe kajinyonya mwenyewe. Hukubishana nao. Uliomba tafiti zako zifutwe, ukawatafuta wagonjwa wa zamani mmoja mmoja. Nyumba nyingine ulipokelewa na wajane.

Ukaanza upya, safari hii kwa damu ya walinzi, wafagiaji na wapita njia. Hukufika mbali. Uliteleza ngazini ukagonga kichwa, nundu ambayo mwingine angeikanda akaisahau. Kaka yako alikimbilia barafu. "Acha," ulimwambia, "inavuja kwa ndani." Ukatueleza kinachofuata, hatua kwa hatua, mpaka ulimi ukawa mzito. Hukukosea hata hatua moja.

Hatutasema ulistahili, wala hatutasema hukustahili. Dada yako husema yote mawili, wakati mwingine kwa siku moja, nasi tunamwacha aseme.

Leo amekuja. Amemshika mkono mjukuu wake, yule mtoto aliyebaki, ambaye jino lake la kwanza linalegea. Msaidizi wako alimweleza kwamba lazima damu yake ijulikane kabla jino halijang'oka.

"Kupe mmoja aliniambia mwanangu ni mzima," dada yako akamjibu. "Wewe utaniambia nini?"

"Leo sikwambii kitu, mama. Nitampima kwa watu wengi wasio ndugu zenu, halafu nitarudia."

"Na ukikosea?"

Msaidizi wako alipasha viganja kwa pumzi. Ulimfundisha vizuri.

Dada yako alikaa, akakunja mkono wake mwenyewe. "Basi anza na mimi. Huyu hatoi tone kabla ya bibi yake."

Alipomaliza, jua lilikuwa limeshuka na mashine zimezimwa. Damu ya kazi hii haikubali kulala. Hupimwa ingali mbichi. Kwa hiyo mtoto atachomwa kesho asubuhi, kama bibi yake atamleta. Hakusema atamleta. Alimwambia tu asilichezee jino.

Wanaokukumbuka ni mama yako, kaka yako fundi redio, mjukuu wako, na dada yako mkubwa, aliyetuagiza: "Niandikeni na mimi, lakini msiandike kwamba nimesamehe."

Hatutakusahau kamwe, hata siku tutakapotamani kukusahau.