Kadi Isiyoingia Kashani

Chumba cha pili kutoka ngazini,
Nyumba yenye geti la bluu, nyuma ya dobi.
Jumanne, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo lakini? Ule mgongo uliosema unakusumbua kwa ajili ya kubeba maboksi umepoa? Unakula ukiwa umekaa, au bado unakula umesimama kama mtu anayekimbizwa? Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Mama kikohozi kimemwachia. Baba Kidoti yuko kazini kama kawaida. Kidoti mwenyewe ametimiza miezi minane, ana meno mawili chini, na anatambaa kiasi kwamba ukigeuka kuchukua kijiko, ukirudi unamkuta mlangoni. Kila mtu anasema ana paji lako la uso. Maskini mtoto.

Kabla sijaendelea: chini ya barua hii kuna kitu nimekifunga kwa shali. Usikifungue. Nakuomba kabisa, soma kwanza hadi mwisho. Nakujua wewe, mtu wa kurarua karatasi kwanza na kuuliza baadaye.

Kaka, nimechoka. Uliniambia kuunda kompyuta ya gemu ni kazi ndogo, kwamba ni kupachika tu hiki na kile, mwisho unabonyeza swichi. Huo udogo wake ningependa unionyeshe ulipo. Ni wiki ya saba sasa. Meza yetu ya kulia chakula hatujailia chakula tangu mwezi wa sita, imejaa maboksi, sisi tunakula kitandani na sahani mapajani.

Kosa la kwanza ni langu, sitakuficha. Unakumbuka nilipojifungua watu waliniuliza wanizawadie nini. Wengine walitegemea niseme beseni au neti ya mtoto. Mimi nikasema nataka kompyuta ya kuchezea gemu la magari. Walicheka mpaka Kidoti akaamka. Lakini Mama akawaambia mwacheni, hajawahi kuomba kitu, na wakakubaliana kila mmoja alete kipande kimoja. Wakaniuliza, cha aina gani? Hapo ndipo nilipojiharibia. Wewe unajua tulivyolelewa: ukipewa, unapokea kwa mikono miwili na kufunga mdomo. Nikaona haya kuchagua. Nikasema chochote tu, mtakachojaaliwa.

Basi kila mtu akajaaliwa kivyake.

Baba Kidoti akaleta prosesa, kile kichipu cha kufikiria. Wifi yangu akaleta madabodi, yaani ule ubao mkubwa ambao vitu vyote vinapachikwa juu yake. Mama akaleta kasha la kufungia hivyo vyote ndani, jeupe, lina kioo ubavuni, alilipenda kwa sababu linaingia vizuri kwenye rafu ya vyombo. Na wewe ukatuma kadi ya picha, ile inayochora gemu kwenye kioo, ukaandika kwa herufi kubwa, KADI NDIYO MOYO, USIIBADILISHE. Hakuna aliyemuuliza mwenzake neno. Na mimi hata sikujua kwamba vitu hivi navyo vinachaguana. Nilidhani kompyuta ni kompyuta, kama vile chumvi ni chumvi.

Nikabeba vyote kwenye beseni la nguo mpaka kwa fundi. Ana kibanda chembamba kati ya fundi cherehani na mshona viatu, ukiingia wewe yeye anatoka kidogo. Tunamwita Fundi Subiri kwa kuwa hilo ndilo jibu lake la kwanza kwa kila kitu. Akatoa prosesa ya Baba Kidoti, akatoa ubao wa Wifi, akaviangalia, akavua miwani, akaivaa tena.

Akaniambia, "Mama Kidoti, hawa wawili hawajuani."

Soketi ni nyingine kabisa. Kichipu kina sura yake na ubao una shimo la sura nyingine. Nilirudi nyumbani nikitamani kulia. Jioni Wifi akaja, Baba Kidoti akaanza, "Dada, umetuletea ubao mbovu."

"Ubao wangu mzima! Kichipu chako ndicho hakina adabu."

"Hiki ni cha kisasa!"

"Kama wewe ulivyo wa kisasa, shati umelivaa ndani nje."

Na kweli alikuwa amelivaa ndani nje. Mimi niko katikati nimempakata mtoto, kama refa aliyesahau filimbi nyumbani.

Kesho yake Wifi na mimi tukaenda dukani alikonunua. Mwenye duka akalitazama lile boksi lililokwisha kufunguliwa kama mtu anayetazama samaki wa juzi. Akasema kikishafunguliwa hakirudi. Wifi hakugomba. Akavuta stuli, akaketi mlangoni pale, akaanza kumsimulia kila mteja anayeingia habari yetu tangu uchungu wa kujifungua. Haikufika nusu saa, tukapewa ubao mwingine wenye shimo la kile kichipu. Nimempenda Wifi siku ile kuliko siku zote.

Ukadhani shida imekwisha? Na mimi nilidhani hivyo. Ikaja zamu ya ramu, vile vijiti vya kumbukumbu, na hivyo nilivinunua mwenyewe kwa pesa ya kazi yangu ya kupiga pasi. Nilivikusudia kwa ubao wa kwanza. Huu wa pili unataka ramu ya zamani kidogo, ile pengo lake liko mahali pengine. Sikulijua hilo pengo. Nikakamata kijiti, nikakiweka, kikagoma, nikakikandamiza kwa dole gumba. Fundi aliitupa chini chai yake.

"Subiri! Subiri, Mama Kidoti! Hicho si kitasa cha bafuni!"

Bahati hakikuvunjika. Akanibadilishia kwa vingine alivyokuwa navyo. Tangu siku hiyo nimenunua daftari, na ingawa shule niliiacha mapema na mwandiko wangu unaujua, nimeandika kila kipande, kinaingia wapi na kinakataa nini. Naogopa kusema, lakini nadhani naanza kuelewa. Fundi juzi aliniuliza jambo mimi. Nikamwambia asubiri.

Kuna siku moja ilinitoa roho. Nilihesabu skrubu, ikakosekana moja, na Kidoti ameketi pale pale anatafuna hewa. Kaka, nilimtia kidole mdomoni nikamgeuza kichwa chini, nikampigapiga mgongo, yeye anacheka. Siku mbili tulikagua nepi kama watu wanaotafuta dhahabu. Siku ya tatu Baba Kidoti akavaa kiatu, akaruka. Skrubu hiyo humo. Nilimkumbatia mwanangu mpaka akachoka na mimi.

Sasa nifike kwenye kadi yako, na hapa ndipo nilipokukasirikia kweli. Ni nzito kama tofali na ina feni tatu. Nilichukua futi ya kamba ya fundi cherehani. Kadi ni sentimita thelathini na mbili. Nafasi ndani ya kasha la Mama ni ishirini na nane. Tuliijaribu kwa kuilaza, kwa kuiinamisha, kwa kuibembeleza. Halafu inataka nyaya mbili za umeme peke yake, na pawa saplai yetu, lile boksi la kugawa umeme, inao mmoja. Fundi akasema labda akate kasha kwa mbele, kadi itokeze pua kidogo. Mama alikuwepo.

"Jaribu kulikata," akamwambia. "Ila uanze kunikata mimi."

Nikapandwa na hasira, na hasira yote nikakutupia wewe uliye mbali. Nikasema moyoni, huyu naye, miaka minne hajaja, mtoto hajamwona, ujumbe anajibu kwa picha ya kidole gumba, halafu anatuma lidude lisiloingia mahali popote. Likizo yako inaanza tarehe ishirini na mbili. Ni wiki mbili tu kwa mwaka mzima, na uliahidi kwamba nikipata mashine tutacheza pamoja kwa mtandao, kila mtu kwake, kila siku ya hizo wiki mbili kama tulivyocheza zile Jumapili mchana katika ofisi ya kuchapa ya Mjomba. Kibodi moja, mimi herufi za kushoto, wewe mishale ya kulia, viwiko vinapigana. Niliona siku zinakwenda na kadi yako ndiyo imekaa njiani.

Ijumaa Fundi akawa anaifuta vumbi kwa brashi. Akasema, "Hii imetumika sana. Aliyeituma aliitunza." Akaigeuza. Kwenye ukingo wa bati lake, pale nyuma, pamekwaruzwa kwa msumari mistari miwili na nukta.

Nikaipapasa kwa kidole, Kaka. Alama hiyo aliyeniwekea kwenye gololi zangu zisiibwe ni nani? Nani aliikwaruza kwenye sahani, kwenye rula, mpaka kwenye ndala za Mama akachapwa?

Nikachukua simu, nikaitafuta ile picha ya mwaka juzi, umekaa mbele ya kompyuta yako, kioo kinawaka, feni tatu ndani. Nikaitafuta na ile uliyotuma Kidoti alipotimiza miezi sita, unacheka, umeinua kidole. Nyuma yako meza iko tupu. Pana kikombe na chaja tu. Mara ngapi nimeiangalia picha hiyo nikaangalia meno yako tu! Na kila nilipokuuliza bado unacheza, ukajibu, naam, kila wiki. Uongo mtupu, kaka yangu.

Ulitoa moyo wa mashine yako ukaniletea mimi. Na hiyo iliyobaki sijui umeisukuma chini ya kitanda au umemgawia mtu. Halafu ulitaka tucheze vipi? Mimi nikimbize gari, na wewe uwe unanisikiliza kwa simu ukisema haya, kulia, kushoto? Nimekasirika upya, lakini safari hii nililia kwanza, Fundi akanipa kile kitambaa chake cha kufutia vioo.

Nikamuuliza: bila kadi, mashine hii inawaka? Akasema subiri. Akasoma boksi la prosesa, akalisoma tena kwa sauti. Kumbe prosesa aliyoileta Baba Kidoti inachora picha yenyewe, haina haja ya kadi. Haichori vizuri sana, lakini inachora. Baba Kidoti tangu Ijumaa anatembea kifua mbele. "Mimi nilijua tangu mwanzo," anasema. Hakujua lolote, alivutiwa na rangi ya boksi. Tumemwachia afurahi.

Tumeiwasha jana mchana. Kaka, imewaka! Kasha la Mama halijakatwa, liko kwenye rafu ya vyombo karibu na vikombe, na meza tumeirudishia sahani. Nimecheza mzunguko mmoja, Kidoti yuko mapajani. Miti haina majani, imekuwa kama mafagio. Watazamaji hawana nyuso. Gari langu limechongwa kwa shoka. Lakini linakwenda, halikwami, na kona ya tatu nimeipita bila kugusa ukuta, ile uliyokuwa unaniambia sitaiweza.

Sasa fungua shali.

Ndiyo, ni hiyo. Usinigombeze na usiirudishe. Fundi ameitia kwenye mfuko wake wa kijivu, kisha mimi nikaizungushia shali ambalo wewe mwenyewe ulimtumia Kidoti; limeanza kuwa dogo na bado lina harufu yake, usilifue haraka. Anayekuletea ni jirani yetu nesi, anasafiri Alhamisi, nimemwambia aibebe mkononi kama mtoto. Itakufikia una siku kumi kabla ya likizo. Irudishe mahali pake. Kama vipande vingine umevigawa, niambie ukweli, na uniambie ni vya aina gani hasa, namba kwa namba, nina daftari. Safari hii hakuna chochote tu.

Sitaki kitu kizuri ambacho nitakitazama peke yangu. Mimi nimeridhika na mafagio.

Mama anakusalimu sana, anasema kasha lake ni zima na mgongo wako uukande kwa maji ya moto. Baba Kidoti anakusalimu, anasema ukitaka ushauri wa prosesa umpigie. Wifi anakusalimu, anasema huko kwenu kama kuna duka linakusumbua umtumie nauli na stuli. Fundi Subiri naye amesema nikuandikie salamu. Kidoti hajui kusalimu bado, amebonyeza vidole vyake vyenye uji hapo pembeni ya karatasi, usidhani ni uchafu.

Mungu akupe nguvu za mwili, akuondolee upweke wa hicho chumba, na akufikishe tarehe ishirini na mbili ukiwa mzima.

Nimekaa nao hapa sasa hivi, huo mchezo. Kila nikiufungua unaandika kwa chini: mchezaji wa pili anasubiriwa. Nimeuacha uandike. Herufi za kushoto ni zangu, mishale sijaigusa.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikikukasirikia,

Kiroboto
(Mama Kidoti)