Namba Yangu Upande wa Wagonjwa

Buzuruga, Mwanza
Jumapili, baada ya misa

Kaka Projestus,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti la mama limepata nafuu, na migomba imesimama baada ya ule upepo. Mimi ni mzima wa kutembea, ila situlii. Tangu juzi nikikaa nasimama, nikisimama nakaa. Leo nimechemsha chai mara mbili na zote nimezisahau. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ukisikia neno sukari unacheka, kisha unasema salio linaisha. Karatasi huwezi kuikata.

Kazi yangu hapa maabara unaijua: kutoa watu damu, kubandika namba kwenye vichupa, kuvipanga kwenye friji. Utafiti wenyewe ni huu. Ndani ya damu kunaelea vipande vidogo mno vinavyoitwa RNA. Vingine hubeba maelekezo ya kutengeneza protini za mwili. Vingine havitengenezi protini yoyote, na zamani vilidhaniwa takataka, kumbe vina kazi ya kuvisimamia vile vingine. Wakubwa zangu wanataka kujua kama baadhi yake hubadilika mapema, kabla mtu hajaugua kisukari, ili aonywe. Bado wanatafuta, hawajathibitisha.

Watu wenye afya wa kulinganishwa na wagonjwa hawakutimia, tukaombwa wafanyakazi tujitolee. Nikasaini karatasi kama wengine, kwamba majibu ni ya utafiti na hapewi mtu. Namba yangu niliibandika mwenyewe, kichupa cha mwisho, ikanikaa kichwani bila kutaka. Wiki iliyopita orodha ya matokeo ilikuja. Namba yangu imekaa pamoja na za wenye kisukari.

Nikatafuta pa kushika. Nikakumbuka kwamba asubuhi ile ya kutoa damu, tulipotakiwa tusile kitu, nilitafuna kahawa alizonitumia mama. Nikamwendea mkuu wetu, mama mmoja wa Kisukuma asiye na haraka, nikamwambia kuna sampuli imeharibika, ni yangu.

"Si ulisema umefunga?"

"Nilifunga. Kahawa nilitafuna tu."

"Nyie Wahaya. Kutafuna siyo kula?"

"Kwetu mgeni akipewa kahawa anakuwa hajala bado."

Alicheka, halafu akaacha. "Hiyo namba hukutakiwa kujua ni ya nani. Na usisingizie kahawa. Kapime sukari kama watu wengine."

Nilikwenda juzi, tumbo tupu kweli. Sukari iko juu kidogo, haijaitwa kisukari. Daktari anasema inaweza kushuka nikiangalia ninachokula na nikitembea zaidi. Mkuu wangu anasema majibu ya mtu mmoja hayathibitishi kitu. Sawa, lakini naogopa, kaka, nakwambia wazi. Namwona baba na ule mguu uliokatwa. Nakumbuka tulivyombembeleza akapime, naye akasema ni uchovu wa shamba.

Sasa wewe. Mama ameniambia dumu la lita tano la maji unalimaliza kabla ya saa sita, na mkanda wako umeutoboa tundu jipya. Unamjibu kwamba ni jua. Unasema kisukari ni cha watu wa mjini wenye vitambi. Baba alikuwa na kitambi lini?

Kwenye orodha ile upande wangu kuna namba nyingine za waliokuja kama wazima, na sijui ipi ni ya nani. Ni watu wa Buhongwa na Usagara walioninyooshea mkono niwatoe damu, wakanishukuru, wakaenda zao. Hata ningejua, siruhusiwi kuwaambia. Tukikutana sokoni tunasalimiana na mimi nanyamaza, na kunyamaza huko kunanichosha kuliko kazi. Lakini wewe hukusaini karatasi yoyote. Wewe ni kaka yangu, tumetoka tumbo moja, na wewe nakuambia.

Msalimie mama, umsomee sehemu ya goti tu. Msalimie shangazi Agnes wa kwaya, na baba mdogo anayetuangalizia kahawa. Wifi Jovina usimsalimie, nimeshaongea naye. Alhamisi ukiamka ukakuta jikoni hakuna moto wala uji, usimfokee mkeo, nimemwomba mimi. Atakuwa amevaa viatu, anakusubiri mlangoni muende zahanati. Nenda naye.

Mdogo wako,
Adelina