Upande wa Baba Kwenye Kiti cha Kijani

Mama,

Huku Kitengela niko salama, ni vumbi tu linanisumbua. Leo ile bustani ya bembea imetimiza miaka hamsini, na gurudumu kubwa mlilopanda na Baba mkiwa wachumba bado linazunguka. Kabla halijawashwa, nyanya mmoja Mmaasai, wanamwita Koko, alichovya nyasi kwenye kibuyu cha maziwa akanyunyizia kila kiti baraka.

Nilikaa kwenye kiti chenu cha kijani, upande wako. Upande wa Baba nikauacha wazi.

Koko akasimama. "Hapa ni pa nani?"

"Pa baba yangu, Koko. Tulimzika mwaka jana."

Akachovya nyasi tena. Alinyunyiza pale mara ya pili, kisha akafunga mnyororo wa kiti kana kwamba pamekaliwa.

Tukapanda polepole. Huko juu kulikuwa kimya, na ng'ombe wa mbali walikuwa kama maharagwe yaliyoanikwa juu ya gunia. Ulisema Baba alifumba macho mpaka mkashuka. Basi mimi nilifumbua yangu kabisa, nikatazama kwa niaba yake.

Sketi yangu bado inanukia maziwa. Siifui, nakuletea hivyo hivyo.

Nafula wako